Printa Iliyogoma Jumanne: Nani Anaandika Daftari la Mafaili?

Mwaka 2009 mtumiaji mmoja wa mfumo wa Ubuntu aliwafikishia watengenezaji lalamiko la mkewe: OpenOffice haichapi siku ya Jumanne. Jumatatu inachapa. Jumatano inachapa. Jumanne printa inakaa kimya, na kesho yake inaamka kana kwamba hapakuwa na neno. Fundi wa steshenari yoyote angecheka kidogo, kisha angemwambia mteja azime mashine na kuiwasha tena. Lakini mama yule alikuwa sahihi.

Hati inayopelekwa kwenye printa iligeuzwa kwanza kuwa faili la PostScript, na karibu na kichwa cha faili hilo iliandikwa tarehe ya kutengenezwa kwake, siku ikiwa imefupishwa kwa Kiingereza: Mon, Tue, Wed. Njiani, mfumo wa kuchapa uliuliza programu ndogo iitwayo file swali moja tu: hiki ni kitu gani? Programu hiyo hujibu kwa kupitia orodha ndefu ya alama. Ndani ya orodha hiyo mlikuwa na mstari uliokusudiwa kutambua mafaili fulani ya lugha ya programu ya Erlang, ambayo hubeba tarehe ya Jumanne moja ya Januari 1991. Aliyeuandika mstari huo alisahau kuzilinda nafasi zilizo kati ya maneno, hivyo programu ikasoma neno la kwanza, Tue, na kuridhika nalo. Kila Jumanne ilipofika, herufi hizo tatu ziliangukia mahali palepale palipokuwa pakichunguzwa, na barua ya kawaida ya ofisini ikatangazwa kuwa ni kazi ya Erlang. Printa ikaikataa.

Kisa hiki husimuliwa na waandaa programu kama kichekesho, nacho kinachekesha kweli. Ila kinafunua jambo ambalo mtumiaji wa kawaida hana sababu ya kulijua mpaka siku liharibike: kompyuta haijui faili ni nini. Juu ya diski, picha za harusi, hesabu za SACCOS na kirusi cha kufuta vyote viwili ni mfuatano wa baiti tu, moja baada ya nyingine. Kila unapobofya faili mara mbili na likafunguka mahali panapostahili, kuna daftari lililosomwa chinichini. Daftari hilo lina waandishi wengi, na si wote wenye nia moja.

Kwa hakika ni madaftari matatu yaliyoshonwa pamoja. La kwanza linajibu: hili ni faili la aina gani? La pili: nani alifungue? La tatu: lionekane vipi, kwa picha ndogo ipi na kwa jina gani? Swali la kwanza lina jibu la kweli au la uongo. PDF ni PDF hata kama hakuna wa kuisoma. La pili ni hiari ya mwenye mashine. La tatu ni pambo. Matatizo mengi yanayoletwa kwa mafundi huanza pale mtu, au programu, anapotaka kurekebisha jibu la swali moja kwa kuvuruga jibu la lingine. Mtu hapendi mafaili yake ya .log yafunguke kwenye programu fulani, basi badala ya kubadilisha mfunguaji anayabadilisha aina, na kesho mashine nzima inaamini kwamba kumbukumbu za seva ni ukurasa wa wavuti.

Namna ya kulijibu swali la kwanza ni za kubahatisha, na ya zamani kati ya zilizozoeleka ni kuangalia jina. Herufi zile baada ya nukta, ambazo mafundi huziita ekstensheni na ambazo hapa tuziite mkia, zilienea kwenye kompyuta ndogo kupitia mfumo wa CP/M miaka ya 1970, kisha MS-DOS: herufi nane za jina, tatu za mkia. Ni njia nyepesi. Mashine haihitaji hata kulifungua faili. Kasoro ni kwamba herufi tatu ni chache, dunia ni kubwa, na haijawahi kuwapo ofisi ya kugawa mikia. Kila mtengenezaji alijichukulia.

Chukua mkia wa .ts. Kwa anayerekodi televisheni ya dijitali hiyo ni video: mkondo uleule unaopokelewa na ving'amuzi, uliokatwa vipande vya baiti 188, kila kipande kikianza na baiti ambayo ikisomwa kama herufi ni G. Kwa mtafsiri wa programu zilizojengwa kwa Qt, .ts ni faili la tafsiri. Halafu mwaka 2012 Microsoft ikatoa lugha ya TypeScript, nayo ikauchukua mkia huohuo. Kijana anayejifunza kutengeneza tovuti anafungua folda ya kazi yake na kukuta picha ndogo za filamu zimepangwa safu. Anabofya, na kicheza video kinalalamika kwamba hakioni sinema.

Nani mwenye haki? Video ilitangulia. TypeScript huenda ndiyo iliyo nyingi zaidi kwenye diski za waandaa programu. Daftari haliwezi kuamua kwa hoja za aina hiyo, linahitaji kanuni. Kwenye mifumo ya Linux kanuni imeandikwa wazi: angalia jina kwanza; mikia ikigongana, mwenye uzito mkubwa ashinde, na asiyetajiwa uzito ahesabiwe 50; ikibaki sare, ulio mrefu zaidi utangulie, ndiyo maana .tar.gz humshinda .gz; ikiwa bado hakuna mshindi, ndipo yaliyomo yasomwe. Kwa .ts, kusoma yaliyomo kunaipa video ushahidi madhubuti, G kila baada ya baiti 188. TypeScript haina ushahidi wowote wa namna hiyo. Ni maandishi matupu, na maandishi matupu hayana chapa. Inatambuliwa kwa kukosekana kwa wengine tu.

Kusoma yaliyomo ndiyo njia ya pili, na ndiyo yenye utamu wake. Programu ya file ilionekana kwenye Unix mwaka 1973. Nakala huria inayotumika leo ilianzishwa na Ian Darwin katika miaka ya 1980. Inategemea ukweli kwamba waundaji wengi wa mafaili huacha saini mwanzoni. Faili la ZIP huanza na PK, herufi za kwanza za jina la Phil Katz aliyelibuni. Programu za DOS na Windows huanza na MZ, za Mark Zbikowski wa Microsoft. Faili lililokusanywa la Java huanza na baiti nne ambazo zikiandikwa kwa tarakimu za kumi na sita husomeka CAFEBABE, utani wa waliolibuni. Saini ya PNG ilitungwa kwa akili zaidi kuliko zote: ina baiti nane, na ndani yake mna mitego ya kukamata faili lililoharibiwa njiani na mashine iliyodhani inasafirisha maandishi na ikajipa ruhusa ya kubadilisha alama za mwisho wa mstari.

Saini nazo zina kikomo. Hati ya Word ya .docx, kitabu cha EPUB, programu ya Android na kazi ya LibreOffice vyote, kwa ndani, ni ZIP. Vyote vinaanza na PK. Anayesoma baiti mbili za mwanzo atasema kweli, ila ukweli usiomsaidia mtu, mithili ya kuulizwa gari lile ni la nani ukajibu ni la magurudumu manne. Wabunifu wa EPUB na wa OpenDocument waliliona hilo mapema wakaweka hila: ndani ya ZIP, kitu cha kwanza kabisa lazima kiwe faili dogo liitwalo mimetype, lisilobanwa, lenye jina la aina. Kwa kuwa kichwa cha ZIP kina baiti 30 na neno mimetype lina herufi 8, jina la aina huanza kila mara kwenye baiti ya 38, na daftari linajua pa kuchungulia. Microsoft haikuweka sharti kama hilo kwenye .docx. Ndiyo maana hati ya Word iliyopoteza mkia njiani wakati mwingine hurudi kwa mwenyewe ikiwa imevaa sura ya kifurushi cha ZIP, na mtu asiyejua huanza kuitoa vitu tumboni.

Njia ya tatu ni kuliacha faili lijitambulishe kwa lebo iliyobandikwa pembeni. Macintosh za mwanzo zilifanya hivyo kwa ustadi: kila faili lilibeba herufi nne za aina na herufi nne za muundaji, nje ya jina na nje ya yaliyomo. TEXT ilikuwa aina. MSWD alikuwa muundaji, yaani Word. Watumiaji hawakuhitaji mikia kabisa. Nyuma ya pazia, kompyuta ilitunza kanzidata iliyounganisha herufi hizo na programu zilizopo, na kanzidata ilipochafuka picha zote ziligeuka karatasi nyeupe. Dawa ilikuwa kushikilia vitufe vya Command na Option wakati mashine inawaka, ili daftari lijengwe upya. Watu wa rika fulani waliofanya kazi kwenye vyumba vya magazeti bado vidole vyao vinakumbuka. Kilichoiangusha lebo ni safari: faili likipita kwenye diski ya DOS au kwenye barua pepe, lebo ilidondoka. Toleo la 10.4 la Mac OS X, mwaka 2005, lilileta majina mapya ya aina kama public.jpeg na com.adobe.pdf, na mwaka 2009 toleo la 10.6 likaacha kuzijali herufi za muundaji, jambo lililowaudhi wazee wa Mac hasa.

Barua pepe nayo ililitatua tatizo lake kivyake. Mwaka 1992 Nathaniel Borenstein na Ned Freed walichapisha kanuni za MIME, na humo ndimo yalimozaliwa majina tuyaonayo hadi leo, image/jpeg, text/plain, yenye kundi upande mmoja wa mkwaju na aina upande wa pili. Hapa angalau pana msajili. Majina huandikwa kwenye orodha ya IANA, na kampuni zina tawi lao linaloanza na vnd. Usajili haukuleta ufupi: jina rasmi la .docx lina herufi na alama 71. Wala haukuzuia majina ya mtaani. Wimbo uleule utaitwa audio/mpeg na programu moja na audio/mp3 na nyingine, hivyo daftari lolote la maana lazima litunze pia orodha ya majina ya utani.

Kwenye Linux, kila familia ya programu za mezani ilikuwa na daftari lake hadi mwanzoni mwa miaka ya 2000. GNOME ilikuwa na lake, KDE lake, ROX lake. Ukiiambia moja kwamba .doc ni hati, wenzake hawakusikia. Thomas Leonard wa ROX aliandika pendekezo la daftari moja la wote, chini ya mwavuli wa freedesktop.org uliokuwa umeanzishwa na Havoc Pennington mwaka 2000. KDE ilikamilisha kuhamia huko kwa toleo lake la 4, Januari 2008. Ni mfano adimu wa mahasimu kukubaliana juu ya kitu kisichomletea yeyote sifa.

Utunzaji wake unastahili kutazamwa kwa utulivu, kwa sababu ndio ulio wazi kuliko wa mifumo mingine. Kila programu inapowekwa huja na karatasi yake, faili la XML, na kuiacha katika folda ya /usr/share/mime/packages. Karatasi inasema: aina hii inaitwa hivi, mikia yake ni hii, saini yake iko kwenye baiti kadhaa, nayo ni mtoto wa aina fulani. Hakuna programu inayogusa karatasi ya mwenzake. Kisha amri ya update-mime-database hupita, husoma karatasi zote na kuandika nakala moja iliyoshindiliwa, mime.cache, ambayo ndiyo programu huisoma kila siku. Programu ikiondolewa, karatasi yake huondoka, amri hupita tena, na daftari linarudi kama halijawahi kuijua.

Uzuri wa mpango huu ni kwamba kosa lina anwani. Unaweza kuitafuta karatasi iliyosema uongo, ukaiona kwa macho, ukaisahihisha kwa kihariri cha kawaida. Mtumiaji asiye na nywila ya msimamizi anaweka karatasi yake mwenyewe chini ya ~/.local/share/mime/packages, anaendesha amri ileile juu ya folda yake, na neno lake linashinda la mfumo.

Udhaifu uko kwenye nakala iliyoshindiliwa. Mtu anaweka programu kwa mkono, nje ya utaratibu wa vifurushi, anasahau kuendesha amri, na kwa siku tatu anashangaa kwa nini karatasi aliyoiweka haina nguvu. Kipo pia kisa cha kasi: wasimamizi wa daftari hilo waliamua kulazimisha diski iandike kila kipande papo hapo ili umeme ukikatika daftari lisibaki nusu. Uamuzi mzuri kwa mtu wa mahali umeme unapokatika. Lakini kwenye diski za kuzunguka, hatua iliyokuwa ya kufumba na kufumbua ikageuka subira, watumiaji wakapiga kelele, na kigezo cha kuizima tahadhari hiyo kikaongezwa. Baadhi ya wasambazaji wa Linux wakakitumia. Usalama ukauzwa kwa sekunde chache.

Daftari la pili, la nani afungue, liko kando kabisa na la kwanza. Kila programu hutaja aina inazoziweza kwenye faili lake la .desktop, amri nyingine, update-desktop-database, hukusanya madai hayo, na uamuzi wa mwenye mashine huandikwa kwenye mimeapps.list, faili la maandishi ambalo mtu anaweza kulisoma akinywa chai. Kutenganisha dai la programu na uamuzi wa mtu ni jambo dogo kwenye karatasi. Upande wa Windows ndiko uzito wake unakoonekana.

Huko, kwa miaka mingi, kila kitu kiliandikwa kwenye rejista moja, na programu yoyote iliyowekwa iliweza kuandika inachotaka. Mwenye steshenari aliweka kicheza muziki kipya na asubuhi yake picha, video na hata CD zilikuwa zimehamishiwa kwa mwenyeji mpya bila kuulizwa. Programu iliyofutwa iliacha nyuma maagizo yanayoelekeza kwenye nyumba isiyokuwepo. Kuanzia Windows 8 Microsoft ilifunga mlango: chaguo la mtumiaji likaanza kuwekewa alama ya siri ya kihesabu, na programu ikijaribu kuliandika kwa mlango wa nyuma, mfumo unalikataa. Wizi ukapungua. Lakini sasa mwenye ufunguo akawa mmoja, naye ana kivinjari chake cha kuuza. Julai 2015, Windows 10 ilipotoka, mkuu wa Mozilla wakati huo, Chris Beard, alimwandikia Satya Nadella wa Microsoft barua ya wazi akilalamika kwamba kuhamia mfumo mpya kunafuta chaguo ambazo watu walikuwa wamekwisha kuzifanya. Lalamiko lilikuwa la haki.

Rejista hiyo ina athari ambazo hazionekani kirahisi. Baadhi ya vivinjari kwenye Windows huiuliza aina ya faili unalopakia kwenye tovuti. Orodha ya wanafunzi ya .csv ikipakiwa kutoka kompyuta isiyo na Excel, inaweza kutambulishwa kama maandishi ya CSV. Ikipakiwa kutoka kompyuta iliyo na Excel, inaweza kutambulishwa kama lahajedwali la Excel, kwa sababu Excel ilishaandika hivyo kwenye daftari. Seva iliyoagizwa kupokea CSV tu inaikubali ya kwanza na kuikataa ya pili, ingawa baiti ni zilezile. Mwalimu anaambiwa faili lake ni bovu. Ukweli ni kwamba mtengeneza tovuti ameamini ushuhuda wa mashine ya mgeni bila kulifungua faili mwenyewe.

Yote hayo ni usumbufu. Hatari huanza pale majibu mawili yanapotofautiana na mdanganyifu akasimama katikati yao. Mei 2000 barua pepe zenye kiambatisho LOVE-LETTER-FOR-YOU.TXT.vbs zilienea duniani kutoka Ufilipino. Windows, kwa desturi yake, ilificha mikia iliyosajiliwa kwenye daftari, na .vbs ilikuwa imesajiliwa; mpokeaji akaona .TXT, akadhani ni maandishi, akafungua. Virusi vya flashi vilivyozisumbua intaneti kafe vilitumia ujanja wa jamii hiyo: programu ya .exe iliyovaa picha ya folda, ikiwa na jina la folda yako, huku folda halisi imefichwa. Daftari la sura lilisema folda, daftari la mfunguaji likasema endesha.

Mtu angedhani somo hilo lilishaeleweka. Aprili 2025, Meta ilitangaza kasoro katika WhatsApp ya Windows, kwenye matoleo yaliyotangulia 2.2450.6. Programu ilikionyesha kiambatisho kulingana na aina ya MIME aliyoitaja mtumaji, lakini ilichagua mfunguaji kwa kuangalia mkia wa jina. Mtumaji angeweza kutaja picha na kuweka mkia wa programu, na mpokeaji angebofya picha. Miaka 25 baada ya barua ile ya mapenzi, macho na mkono bado vilikuwa vikisoma madaftari tofauti.

Wahifadhi wa nyaraka wamelichukulia swali la kwanza kwa uzito kuliko mtu yeyote, kwa kuwa faili lisilojulikana aina leo halitasomeka kesho. Hifadhi ya Taifa ya Uingereza hutunza kanzidata iitwayo PRONOM, ambayo hairidhiki na kusema PDF; toleo la PDF 1.4 lina namba yake peke yake, fmt/18, na matoleo mengine yana zao. Kwa kompyuta ya mezani usahihi huo ni anasa. Kwa nyaraka za mahakama au za ardhi ni lazima.

Mwaka 2024 Google ilitoa Magika, programu huria inayotambua aina za mafaili kwa mfumo wa akili bandia uliofunzwa kwa mifano mingi badala ya orodha ya saini. Inafanya vizuri hasa pale saini zinaposhindwa, kwenye maandishi matupu, na kwa TypeScript hiyo ni neema. Lakini mtunza daftari ana swali la kikazi: ikikosea, utasahihisha wapi? Kosa la Jumanne lilikuwa na mstari wake ndani ya orodha. Mtu aliusoma, akaona nafasi zisizolindwa, akaweka alama ya mkwaju wa nyuma mbele ya kila moja, na Jumanne iliyofuata barua zikachapwa.